Maneno Yaliyosafiri Bila Sarufi: Uhakiki wa Baadhi ya Mambo Yaonekanayo Katika Intaneti Juu ya Kiswahili

Haipiti wiki ila mwanafunzi mmoja huja mlangoni pangu na simu mkononi, apate kunionyesha jambo la ajabu alilolikuta katika intaneti juu ya lugha yetu. Mara ni jina la mchezo wa watoto wa Ulaya, mara ni jina la mtu katika hadithi za vyombo vya angani, mara ni maneno yaliyopigwa chapa katika fulana. Naye aghalabu huuliza swali lile lile: "Mwalimu, hiki nacho ni Kiswahili?" Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa fupi. Nilisema la, nikacheka, na mwanafunzi akaenda zake akicheka pia. Siku hizi sicheki upesi namna hiyo, na sababu zangu nitazieleza katika makala hii.

Waandikao mambo hayo ni wa namna mbili. Wa kwanza hushangilia kila neno la Kiswahili lionekanalo ng'ambo, wakidhani kwamba huo ni ushahidi wa lugha yetu kuuteka ulimwengu. Wa pili hukasirika kila waonapo neno limekatwa mkia au limeongezwa herufi, wakadai kwamba tumeibiwa au tumedhihakiwa. Kwa maoni yangu wote wahukumu kabla ya kusikiliza shahidi. Basi nimechagua maneno manne yatajwayo mno, niyapime kwa kipimo cha sarufi na cha historia, kisha niseme ni lipi la kuogopa na ni lipi si la kuogopa.

1. Jenga

Mchezo uitwao Jenga wajulikana karibu kila nchi. Una vipande 54 vya mti, ambavyo hupangwa vitatu vitatu hata ukawa mnara wa orofa 18. Kila mchezaji huchomoa kipande kimoja chini akakiweka juu, mpaka mnara uanguke. Aliyeutoa hadharani ni Bibi Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika, ambaye Kiswahili alikijua tangu utotoni. Mchezo wenyewe ulianzia nyumbani kwao nchini Ghana katika miaka ya 1970, kwa vipande vilivyotoka katika kiwanda cha kupasulia mbao huko Takoradi. Mwaka 1983 ulionyeshwa London katika maonyesho ya vitu vya kuchezea, na tangu hapo umeenea.

Katika intaneti wako wasemao kuwa maana ya jenga ni mnara, na wengine kuwa ni jengo. Msomaji wetu hana haja ya kuambiwa kwamba hayo si kweli. Jenga ni kitenzi cha kuamrisha, aambiwacho mtu mmoja. Atakaye jina ataona majina tele katika ukoo huo: jengo, ujenzi, mjenzi, majengo. Lakini Waingereza wamelichukua lile la kuamrisha wakalifanya jina, hata wakaweza kusema kwamba wamenunua Jenga au wamecheza Jenga. Mwenye mzaha ataongeza kwamba mchezo ungestahili kuitwa Bomoa, maana kazi yake ni kuchomoa. Huyo naye hakutazama vizuri. Kila kipande kitolewacho chini hurudishwa juu, na mnara huzidi kwenda juu hata dakika ya kuanguka kwake. Amri ya kujenga yatimizwa kwa kila mkono.

Je, tuwalaumu Waingereza kwa kufanya amri kuwa jina? Kabla ya kuwalaumu, na tutazame barabara zetu wenyewe. Zamani palikuwa na ubao katika njia panda, ulioandikwa kwa Kiingereza kuwaamuru wenye magari washike upande wa kushoto. Sisi tuliyachukua maneno yale mawili ya amri, tukayaunga, tukayafanya jina la mahali: kipilefti. Tena hatukukoma hapo. Sauti ya kwanza tuliiona inafanana na kiambishi chetu cha ki-, basi vilipokuwa viwili tukasema vipilefti. Mambo ni yale yale waliyoyatendea jenga, tena sisi tumezidi. Hata neno kitabu, ambalo hapana mwalimu asiyelipenda, lilipata hayo hayo. Katika Kiarabu ile ki ni sehemu ya mzizi wa neno, haiwezi kung'olewa. Sisi tuliing'oa, tukaweka vi-, tukapata vitabu.

Basi kuhusu jenga sioni kosa lolote. Neno limehamia katika nyumba ya watu wengine, nalo lafuata desturi za nyumba hiyo. Kosa liko kwa yule aandikaye kwamba katika Kiswahili jenga ni jina lenye maana ya mnara. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini nitaitegemea katika yote yafuatayo.

2. Uhura

Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha hadithi za Star Trek, habari za chombo kisafiricho baina ya nyota katika zama zijazo. Miongoni mwa maofisa wa chombo hicho alikuwamo mwanamke wa Kiafrika jina lake Uhura. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Bibi Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962. Neno liliwapendeza watungaji, ila wakaona lataka kulainishwa ili lipate kumfaa mwanamke. Ndipo u ya mwisho ikageuzwa kuwa a.

Hapa pana jambo la kumfurahisha mwanasarufi. Shina la neno hili ni la Kiarabu, hurr, yaani mtu asiye mtumwa. Kiswahili hakipendi neno kuishia konsonanti, basi kililiongezea irabu, likawa huru. Kisha kikalivika kiambishi u- cha majina ya dhana, kama katika utu, uzee na utumwa, likawa uhuru. Kwa hiyo u ya mwanzo na u ya mwisho si ndugu. Ya mwanzo ina kazi ya sarufi. Ya mwisho haina kazi ila kumpumzisha msemaji, mfano wa i iliyo mwisho wa safari na bahari. Watungaji wa Marekani waliiendea ile isiyo na kazi, wakaipa kazi ambayo Kiswahili hakiijui kabisa, yaani kutenga mwanamke na mwanamume. Kwetu mtu huru ni mtu huru. Sarufi haimwulizi kama ni mke au mume.

Mwaka mmoja mwanafunzi aliniandikia insha, akasema kwamba uhura ni neno la Kiswahili, na maana yake ni mwanamke huru. Ushahidi wake aliutoa katika intaneti. Nilimwekea alama nyekundu. Nilikuwa na haki, ila si haki yote, maana nilisahau Kiarabu. Katika Kiarabu mwanamume huru ni hurr, na mwanamke huru ni hurra. Neno hilo hata lilikuwa cheo cha heshima: bibi mtawala wa Tetouan, Moroko, katika karne ya 16, ajulikana katika historia kwa jina la Sayyida al-Hurra. Basi ile a waliyoiongeza Wamarekani kwa kufuata majina ya wanawake wa Ulaya, kwa bahati tu, iliangukia mahali ambapo Kiarabu nacho huweka alama ya uke. Waliikosea sarufi ya Kiswahili, wakapatana na sarufi ya Kiarabu pasipo kujua. Kosa la mwanafunzi lilistahili maelezo, nami nilimpa wino mwekundu.

Wala tusisahau mwaka wenyewe. Mwaka 1966 Tanganyika ilikuwa na miaka mitano tangu kujitawala, na Kenya ilikuwa na miaka mitatu. Neno uhuru lilikuwa bado lina moto. Kwamba katika nchi ambayo watu weusi walikuwa bado wakipigania haki zao, neno hilo lilitolewa liwe jina la mwanamke mweusi mwenye cheo, si jambo dogo. Bibi Nichols amesimulia kwamba alipotaka kuiacha kazi hiyo, Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Tena katika hadithi ile ya kwanza kabisa kuonyeshwa, Uhura aliambiwa maneno ya Kiswahili. Baadaye akapewa na jina la kwanza, Nyota, nalo ni Kiswahili safi kisichopungua herufi. Jina lililoharibika na jina lililo sawa sasa yakaa pamoja kwa mtu mmoja, na sioni kwamba moja lamwaibisha mwenzake.

3. Kwanzaa

Mwaka ule ule wa 1966, mwezi Desemba, Maulana Karenga alianzisha huko Los Angeles sikukuu ya Wamarekani wenye asili ya Afrika, iitwayo Kwanzaa. Huanza tarehe 26 Desemba, ikaisha tarehe 1 Januari. Jina limetoka katika maneno matunda ya kwanza. Sikukuu ina misingi saba, kila siku msingi mmoja, nayo yaitwa Nguzo Saba: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani.

Wenye kukosoa katika intaneti wana hoja tatu. Ya kwanza ni ile a ya ziada. Maelezo yatolewayo ni kwamba iliongezwa ili jina liwe na herufi saba, sawa na zile nguzo. Mwanasarufi ataona tatizo: katika Kiswahili irabu mbili ni silabi mbili, na mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kwanzaa ingepasa kusomwa kwa kukazia za, si kwa. Hata hivyo washerehekeaji hukazia kwa, kana kwamba a ni moja tu. Maana yake ni kwamba herufi ile yaandikwa lakini haisemwi. Ni pambo, nayo haidai kuwa zaidi ya hapo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wasema kwamba mababu wa Wamarekani weusi wengi walichukuliwa kutoka pwani ya magharibi ya Afrika na nchi za Kongo na Angola, hawakutoka Mombasa wala Kilwa. Basi Kiswahili kinawahusu nini? Nadhani jibu limo katika nguzo ya pili. Kujichagulia ni kitenzi chagua, kilichotiwa umbo la kutendea pamoja na ji- ya kujirejea: mtu achagua, tena kwa ajili ya nafsi yake. Watu walionyang'anywa lugha zao zote hawakuweza kurithi hata moja. Walilobaki nalo ni kuchagua. Wakachagua lugha ambayo haikuwa mali ya kabila moja, na ambayo wakati ule ilikuwa lugha ya mataifa yaliyokuwa yakijitawala upya. Atakaye awacheke kwa kutorithi, na afikiri kwanza ni nani aliyewanyima urithi.

Tena baadhi ya maneno hayo wameyatunza kuliko sisi. Ujima zamani kwetu ulikuwa kazi ya kusaidiana, leo shambani kwangu, kesho kwako. Kisha neno likachukuliwa na vitabu vya historia vya shule za Tanzania, likawa jina la mfumo wa kale wa maisha kabla ya matabaka. Nadhani kijana wa Dar es Salaam akiulizwa leo ujima ni nini atajibu kwa kukumbuka mtihani. Mtoto wa Chicago atajibu kwamba ni kazi ifanywayo kwa pamoja na kuchukuliana mizigo. Kati ya hao wawili sina hakika ni yupi aliye karibu zaidi na babu yangu.

Hoja ya tatu yanihusu mimi mwenyewe, nami naiandika kwa haya. Miongoni mwa vitu viwekwavyo mezani siku hizo ni suke la mahindi, nalo huitwa muhindi. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, mama mmoja mzee aliyewafundisha watoto wa mtaa wake sikukuu hiyo aliniletea orodha ya maneno niikague. Alikuwa ameiandika kwa mkono, herufi kubwa, na chini ya kila neno mtoto mmoja amechora picha. Nilipofika katika muhindi nilicheka. Nilimwambia kwamba hilo ni kosa, kwamba kwa Kiswahili hilo ni jina la mtu wa Bara Hindi, na kwamba nafaka ni mahindi. Alinishukuru. "Ahsante, mwanangu," akasema, kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza vitabuni, akachukua kalamu akalikata neno lile, na kidogo akaikata na picha.

Baada ya miaka, nikiwa nimekwisha pata shahada yangu, nilikuwa nikitafuta neno jingine katika kamusi ya zamani, jicho langu likaangukia muhindi: mmea uzaao mahindi, wingi wake mihindi. Neno lilikuwamo muda wote. Kweli, muhindi ni mmea na hindi ni tunda lake, kama mchungwa na chungwa, kwa hiyo hata mama yule hakupata sawasawa. Lakini alikuwa karibu kuliko mimi. Nilimsahihisha kwa masikio ya mjini, wala sikufungua kitabu, na yeye aliniamini kwa sababu mimi ni mzaliwa wa lugha. Sikuweza kumpata tena nimwambie.

Basi hapa pana somo kwetu sisi wenyeji. Kuzaliwa na lugha ni hati ya kuingilia nyumbani, si hati ya kumiliki vyumba vyote. Mkosoaji wa intaneti asemaye "mimi ni Mswahili, neno hilo halipo" hutoa ushahidi wa kumbukumbu yake tu. Ushahidi wa lugha hukaa katika kamusi, katika miswada, na katika vinywa vya watu wa mahali pengine asipopajua.

4. Hakuna matata

Maneno haya mawili ndiyo yasikikayo zaidi duniani. Mwaka 1982 kundi la Them Mushrooms la Kenya lilitoa wimbo Jambo Bwana, uliowafikisha wageni wengi katika salamu zetu. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu The Lion King, na humo maneno hakuna matata yakawa wimbo. Mwaka ule ule kampuni iliomba kuyasajili kuwa alama ya biashara nchini Marekani kwa ajili ya nguo, na usajili ukapatikana mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018 habari hizo zilienea katika intaneti, na watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi kupinga.

Kwanza nitasema juu ya sarufi. Watu wengi wa pwani huandika kwamba hakuna matata si Kiswahili cha kweli, kwa sababu wao wasema hamna shida, hakuna tabu au hapana neno. Ni kweli kwamba hawasemi hivyo mara nyingi. Si kweli kwamba si Kiswahili. Tata ni uzi uliojisokota. Ukoo wake ni mkubwa na wenye heshima: tatiza, tatizo, tatanisha, utata, na tatua, ambamo kiambishi cha kutendua chafungua kile kilichofungwa. Kila atatuaye tatizo la hesabu afungua matata. Na hakuna ni moja katika yale matatu ya mahali, hapana, hakuna na hamna; ku- yaashiria mahali pasipo mpaka. Kwa hiyo maneno hayo, yakisomwa sawasawa, yasema kwamba hakuna msokotano popote. Si maneno mabaya hata kidogo. Yamechoka tu kwa sababu ya kusemwa mno hotelini.

Pili, juu ya mali. Katika intaneti ilisemwa kwamba Waswahili wamekatazwa kutamka maneno yao. Hilo halikuwa kweli. Alama ya biashara humzuia mwingine kuuza bidhaa za namna fulani kwa jina hilo. Haimzuii mtu kusema wala kuandika. Lakini waliokasirika walikuwa wamegusa jambo la kweli kwa mkono usio sahihi. Tulipochukua kitabu kwa Waarabu hatukwenda kwa kadhi tukaandikisha kwamba fulana yenye neno kitabu iuzwe nasi tu. Kuazima neno hakumpunguzii mwenye neno chochote, maana hubaki nalo. Kusajili neno ni jambo jingine, kwa kuwa hujaribu kumtoa mwenyewe mlangoni, hata kama ni mlango mmoja tu wa duka la nguo. Hasira ilistahili; ila ingestahili zaidi kama ingetanguliwa na kusoma.

5. Lililo la kuogopa

Nimeyapima maneno manne, na katika yote sikuona kosa la wageni lililotudhuru kwa lenyewe. Neno lisafiripo huacha sarufi yake bandarini, kama abiria aachavyo mzigo usioruhusiwa chomboni. Huko aendako atavaa nguo za huko. Sisi tumewavika hivyo Waarabu, Wareno, Wahindi na Waingereza kwa karne nyingi, na leo twaziita nguo hizo fahari ya lugha yetu.

Hatari ni nyingine, nayo ni ushahidi wa uongo. Tuliposema vitabu, hatukuwafundisha Waarabu kwamba wingi wa kitabu katika Kiarabu ni vitabu. Lakini kurasa ninazoonyeshwa na wanafunzi zatangaza kwamba katika Kiswahili jenga ni mnara na uhura ni mwanamke huru. Hapo jambo si kuazima tena. Ni kutuandikia kamusi yetu bila kutuuliza.

Zamani uongo wa namna hiyo ulikufa na gazeti lililouchapa. Leo haufi. Mwaka 2009 Kiswahili kiliingizwa katika mashine ya kutafsiri ya Google, na tangu hapo mashine za namna hiyo zimezidi kuwa nyingi na hodari. Hazifundishwi sarufi kama mtoto wa shule. Hulishwa maandishi mengi yapatikanayo, zikahesabu neno gani hufuata neno gani. Kama maandishi yenyewe yaliandikwa na asiyejua, mashine itajifunza kutojua. Kisha itaandika mengine, na hayo nayo yatawekwa katika intaneti, mashine nyingine iyale. Waskoti wameyaona haya. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba maelfu ya makala za Wikipedia katika lugha yao yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, aliyechukua Kiingereza akakigeuza tahajia. Hakuwa na nia mbaya. Lakini kwa miaka kadhaa mtu aliyetaka kujua Kiskoti kikoje alionyeshwa Kiingereza kilichovaa kanzu ya kuazima.

Tusidhani kwamba hayo ni mashindano ya wataalamu tu. Fikiri juu ya saa. Kwetu siku huanza na jua, na saa mbili asubuhi ni ile waiitayo Waingereza saa nane. Mtafsiri asiyejua hayo, awe mtu au mashine, atafasiri hesabu kwa hesabu. Na mgonjwa aliyeandikiwa kufika saa mbili, au kunywa dawa saa mbili, atakosea kwa saa sita. Au tazama kiambishi a- katika anasema: chafaa mwanamke na mwanamume. Mashine ikienda Kiingereza yalazimika kuchagua, na kama katika maandishi iliyolishwa madaktari wengi ni wanaume na wauguzi wengi ni wanawake, basi itachagua vivyo hivyo, ikaweka kinywani mwa Kiswahili ubaguzi ambao sarufi yake haikuusema.

Basi tufanye nini? Kucheka hakufai, na kukasirika peke yake hakufai. Nina mawili ya kupendekeza.

La kwanza ni kwamba tuyaandike maneno haya ya safari kwa jina lake. Kamusi zetu hutaja neno la Kiswahili lilitoka wapi; hazitaji lilikwenda wapi. Ingefaa chini ya jenga, kwanza, uhuru na tata kuwe na mstari mmoja useme kwamba neno limeazimwa na Kiingereza kwa umbo hili na maana hii, na kwamba maana hiyo si ya Kiswahili. Mstari huo ungekuwa jibu la wakati wote kwa mwanafunzi aliye na simu mkononi.

La pili ni kubwa zaidi. Uongo hujaa mahali palipo patupu. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, na tangu Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, wamekusanya hazina kubwa. Maktaba ya Chuo Kikuu ina miswada ya hati za Kiarabu, mingi ikiwa imekusanywa na Bwana J. W. T. Allen, aliyeitolea orodha iliyochapwa mwaka 1970. Chuo cha SOAS cha London kimekwisha weka sehemu ya miswada yake ya Kiswahili katika intaneti, mtu yeyote aisome. Sisi nasi yatupasa kuzidi hapo: kamusi za zamani, majarida haya, tenzi, barua za wafanyabiashara, zote zitolewe zionekane, kwa hati safi na maelezo mafupi. Mashine ilayo kila kitu na ilishwe chakula cha kweli. Na mwenye kutafuta neno muhindi saa nane za usiku, katika nchi ya mbali, alione kwa macho yake, asilazimike kumtegemea mzaliwa wa lugha aliye mvivu wa kufungua kitabu.

Mwanafunzi akija tena mlangoni na kuniuliza, "Mwalimu, hiki nacho ni Kiswahili?" nimeamua kumjibu hivi: keti, tufungue kamusi, tutazame pamoja. Kwa yule mama mzee nimechelewa.